Majimoto au Maji Moto? Uamuzi wa Kiisimu katika Kazi ya Udijitishaji wa Nyaraka za Kiswahili

Ikisiri

Udijitishaji wa nyaraka huchukuliwa mara nyingi kuwa kazi ya mashine na ya vidole: waraka huwekwa kwenye skana, picha hupatikana, maandishi huchapwa na faili huhifadhiwa. Makala hii inafafanua kwamba, kwa nyaraka za Kiswahili, kila hatua ya kazi hiyo ina uamuzi wa kiisimu, na kwamba uamuzi huo ndio unaoainisha waraka utakaopatikana na utakaopotea ndani ya hifadhi. Ufafanuzi umejengwa juu ya mfano wa jina la Majimoto, kata iliyomo katika Halmashauri ya Wilaya ya Mpimbwe, Mkoa wa Katavi, pamoja na majina ya watu na lugha za eneo hilo. Hoja kuu ni kwamba mdijitishaji hapaswi kusanifisha maandishi ya asili, bali anapaswa kuyahifadhi yalivyo na kuyaambatishia umbo sanifu kando.

1.0 Utangulizi

Nchini Tanzania, utunzaji wa kumbukumbu za umma unaongozwa na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002. Tangu sheria hiyo itungwe, kazi nyingi zilizofanywa kwa karatasi zimehamia kwenye kompyuta. Katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, makarani walikusanya taarifa kwa vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi. Mwanafunzi anayeomba mkopo wa elimu ya juu huhakiki cheti chake cha kuzaliwa kwa njia ya mtandao kupitia Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA). Katika miji midogo na vituo vya biashara, sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kwenye steshenari: humo ndimo watu huchapisha barua, hutoa kopi, huskani vyeti na kujaziwa fomu za mtandaoni na kijana aliyeketi mbele ya kompyuta.

Kijana huyo, sawa na mtaalamu wa nyaraka aliyeko katika maktaba ya chuo kikuu, anafanya kazi ya lugha. Anasoma, anafasiri herufi zisizosomeka vizuri, anachagua tahajia, na anaamua wapi neno linaanzia na wapi linaishia. Tatizo ni kwamba uamuzi huo hauonekani baada ya kufanyika. Msomaji wa baadaye huona neno lililochapwa tu, wala hajui kwamba lilichaguliwa miongoni mwa mengine.

2.0 Hatua za Kazi na Mahali pa Uamuzi

Kwa kawaida udijitishaji hupitia hatua tano. Kwanza, nyaraka hupangwa, husafishwa na kuondolewa pini. Pili, hutambazwa ili kupata picha. Tatu, maandishi hutolewa kwenye picha, ama kwa programu ya utambuzi wa maandishi ama kwa mtu anayenukuu kwa mkono. Nne, matini iliyopatikana husahihishwa. Tano, waraka hupewa maelezo: jina la faili, tarehe, mahali, wahusika na mada.

Hatua mbili za mwanzo huonekana kuwa za kiufundi zaidi, ilhali tatu zinazofuata ni za kiisimu. Programu ya utambuzi wa maandishi hukisia herufi kwa kutumia umbo lake na pia mazoea ya lugha iliyofundishwa. Ikiwa haijafundishwa Kiswahili, huweza kuligeuza neno la Kiswahili likafanana na neno la lugha inayoifahamu. Msahihishaji naye ana mazoea yake. Akiwa amesoma kwamba tahajia fulani ndiyo sanifu, huweza kuisahihisha ile aliyoikuta, akidhani anaondoa kosa la mashine kumbe anafuta ushahidi wa mwandishi wa awali.

3.0 Jina la Mahali: Majimoto

Jina Majimoto limetokana na chemchemi ya maji moto. Kisarufi, limeundwa na nomino mbili, maji na moto, ambapo nomino ya pili inaivumisha ya kwanza bila kiunganishi cha a-unganifu. Kwa kuwa moto hapa si kivumishi kinachochukua viambishi vya upatanisho, hakuna alama ya kimofolojia inayoonyesha kwamba maneno hayo mawili yamekuwa jina moja. Ndiyo maana jina hilohilo huandikwa Majimoto, Maji Moto au Maji-moto, na kila tahajia ina mantiki yake.

Kwa msomaji, tofauti hiyo ni ndogo. Kwa kompyuta, nafasi iliyo kati ya maneno ni alama kamili, sawa na herufi. Anayetafuta Majimoto hapati waraka ulioandikwa Maji Moto, isipokuwa mfumo uwe umeelekezwa kwamba maumbo hayo ni ya jina moja. Anayetafuta maji moto naye hupata zaidi ya anachokihitaji: maelekezo ya usafi, taarifa za chemchemi nyingine, na majina ya mahali pengine, kwa kuwa jina hilo lipo pia karibu na Ziwa Manyara na katika Kaunti ya Narok nchini Kenya. Herufi kubwa zingeweza kutenganisha nomino ya pekee na nomino ya kawaida, lakini vichwa vya nyaraka zilizopigwa kwa taipureta huwa vimeandikwa kwa herufi kubwa tupu, na tofauti hiyo hutoweka.

Utata wa aina nyingine unaonekana katika jina Mpimbwe. Mzizi -pimbwe hupokea viambishi vya ngeli na kutoa Mpimbwe (mtu), Wapimbwe (watu), Kipimbwe (lugha au desturi) na Upimbwe (nchi). Hata hivyo, Mpimbwe ni jina la mahali pia, na leo ni jina la halmashauri. Kwa hiyo sentensi yenye neno Mpimbwe huweza kuhusu mtu mmoja au wilaya nzima. Faharasa inayopanga maneno kwa herufi ya kwanza huyatawanya maumbo hayo kwenye K, M, U na W, ingawa msomaji angeyatarajia pamoja. Tatizo hili ni la lugha za Kibantu kwa ujumla, ambazo sehemu kubwa ya maana ya kisarufi huibeba mwanzoni mwa neno. Ndilo lililofanya uchanganuzi wa mofolojia uwe msingi wa kazi ya Arvi Hurskainen kuhusu Kiswahili katika kompyuta, na Kongoo ya Kiswahili ya Helsinki ikafunganishwa na taarifa za kisarufi za kila neno badala ya kubaki rundo la maneno.

4.0 Mahali Palepale, Mikoa Mitatu

Maelezo ya waraka hudai pia mahali pa waraka huo. Hapa jina la kijiji halibadiliki, bali kinachokizunguka. Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo, eneo la Majimoto lilikuwa katika Wilaya ya Mpanda, Mkoa wa Rukwa. Mkoa wa Rukwa nao uliundwa mwaka 1974, na kabla yake Mpanda ilikuwa chini ya Tabora. Maana yake ni kwamba barua iliyoandikwa Majimoto katika muongo wa 1960, nyingine ya muongo wa 1980 na ya tatu ya baada ya 2012 huweza kuwekwa chini ya mikoa mitatu, ingawa waandishi wake walikanyaga udongo uleule.

Karani anayejaza kisanduku cha mkoa hukabiliwa na njia mbili. Akiandika Katavi kwa nyaraka zote, anairahisishia kazi hadhira ya leo lakini anaweka katika waraka wa 1965 mkoa ambao haukuwapo. Akiandika Tabora, anakuwa mwaminifu kwa waraka lakini mtafiti wa historia ya Katavi hatauona. Kisanduku kimoja hakitoshi. Kinahitajika kimoja cha mahali kama palivyotajwa katika waraka na kingine cha mahali kama panavyofahamika sasa.

5.0 Majina ya Watu na Gharama ya Herufi Moja

Katika majina ya watu, uamuzi wa tahajia humgusa mwenye jina moja kwa moja. Pamoja na Wapimbwe, Bonde la Rukwa lina wakazi wengi Wasukuma waliohamia na mifugo yao. Hata majina ya mahali yamefuata: Mwamapuli, katika halmashauri hiyohiyo, lina umbo linalofanana na majina ya Usukumani kama Mwamashimba na Mwanhuzi. Kwa matamshi ya Kisukuma, mwanzo wa majina hayo ni ng'wa-, lakini makarani waliozoea tahajia ya Kiswahili wameuandika mwa-.

Hali hiyo hukumba majina ya watu pia. Jina Ng'wandu huandikwa hivyo, au Ngwandu, au Mwandu. Zaidi ya hayo, king'ong'o cha ng' huandikwa kwa alama ya kibainishi ambayo kompyuta ina zaidi ya moja: kilichonyooka kinachopatikana kwenye kibodi, na kilichopinda ambacho programu za uchapaji huweka zenyewe. Macho huviona sawa. Mashine huvihesabu kuwa alama mbili tofauti. Kwa hiyo jina moja la herufi chache huweza kuwa na maumbo manne katika hifadhidata.

Mwanafunzi ambaye cheti chake cha kuzaliwa kinasema Mwandu na cheti cha shule kinasema Ng'wandu hulazimika kuthibitisha kwamba yeye ni mtu mmoja, mara nyingi kwa hati ya kiapo. Anatumia nauli, ada na siku za kusubiri, na huenda dirisha la maombi likafungwa kabla hajamaliza. Si lazima awepo aliyekosea. Karani wa kwanza aliandika alivyosikia, mwalimu aliandika alivyoambiwa, na kijana wa steshenari alichapa alivyosoma. Tofauti iliyolala kimya katika karatasi miaka kumi na mitano huamshwa na mfumo unaolinganisha herufi kwa herufi.

6.0 Tahajia za Kale na Hati ya Kiarabu

Ugumu huongezeka kadiri nyaraka zinavyokuwa za kale. Usanifishaji wa Kiswahili uliosimamiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ndio uliotuliza tahajia inayotumika sasa. Nyaraka za kabla yake zina desturi mbalimbali. Katika maandishi ya enzi ya Wajerumani, Ujiji huonekana kama Udschidschi, Mwanza kama Muansa, na Ziwa Rukwa kama Rikwa.

Nyaraka za hati ya Kiarabu, kama miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, iliyodijitishwa kupitia mpango wa nyaraka zilizo hatarini wa Maktaba ya Uingereza, zinaonyesha jambo hilo kwa uwazi zaidi. Hati ya Kiarabu isiyoongezewa alama haitofautishi e na i, wala o na u, na mara nyingi herufi moja hubeba b na p. Kunukuu neno la Kiswahili lililoandikwa kwa hati hiyo ni kulisoma kwanza na kulifasiri, ndipo liandikwe. Mnukuzi wa miswada hulijua hilo kwa sababu hati yenyewe humlazimisha kusita. Mnukuzi wa jalada la kijiji hasiti, kwa kuwa herufi za Kirumi humpa hisia kwamba kila kitu kimeshaamuliwa.

7.0 Kanuni Zinazotokana na Ufafanuzi Huu

Mambo manne yanajitokeza. Kwanza, tabaka zitenganishwe: picha ya waraka, unukuzi wa herufi kwa herufi, na umbo sanifu la kutafutia. Tabaka la tatu lisifute la pili. Pili, majina yawe na orodha ya maumbo yake yote, ili Majimoto na Maji Moto, Mwandu na Ng'wandu yaunganishwe bila mojawapo kuhukumiwa kuwa kosa. Tatu, alama ya kibainishi iwe moja katika mfumo mzima. Nne, palipo na shaka, shaka iandikwe: mnukuzi aweke alama kwamba neno halisomeki badala ya kukisia kimyakimya.

Kanuni hizi zinahitaji muda, na muda ndio kitu ambacho mfanyakazi anayelipwa kwa idadi ya kurasa hana. Malipo ya namna hiyo humfanya anayesita apate kidogo kuliko anayekisia. Zinahitaji pia tahadhari, kwa kuwa umbo la jina linalorahisisha utafutaji hurahisisha na kumfuatilia mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamgusa anayedijitisha rejista ya kijiji sawa na anayeendesha mfumo mkubwa wa taarifa.

8.0 Hitimisho

Wahitimu wa isimu na fasihi ya Kiswahili huandaliwa zaidi kwa ualimu, uhariri na tafsiri. Mfano wa Majimoto unaonyesha kwamba udijitishaji ni uwanja mwingine wa taaluma yao, kwa sababu maswali yake ya msingi ni ya mofolojia, tahajia na onomastiki. Mashine itaendelea kusoma haraka zaidi. Lakini kama barua ya mwaka 1965 kutoka Bonde la Rukwa itapatikana, au kama Ng'wandu na Mwandu watatambuliwa kuwa mwanafunzi mmoja, hilo litategemea mtu aliyeketi mbele ya picha ya waraka na kujua kwamba nafasi iliyo kati ya maji na moto ni jambo la kuamuliwa.