Ugonjwa wa akili haumpokonyi mtu haki ya kujiamulia

Katika familia nyingi nchini, mtu akipatikana na ugonjwa wa akili, neno lake hukoma kuwa na uzito. Shamba lake husimamiwa na nduguye, pesa zake huwekwa na wengine, na dawa anazomeza huamuliwa na jamaa na daktari bila yeye kuulizwa.

Wengi hufanya hivyo kwa nia njema. Hata hivyo, maradhi pekee hayatoshi kumwondolea mtu mzima mamlaka juu ya maisha yake.

Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka wa 2008. Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, mikataba iliyoridhiwa ni sehemu ya sheria za nchi.

Kifungu cha 12 cha mkataba huo chasema kuwa watu wenye ulemavu wana uwezo wa kisheria sawa na wengine katika nyanja zote za maisha. Wana haki ya kumiliki na kurithi mali, kusimamia fedha zao na kupata mikopo ya benki.

Je, anayetatizika kuamua peke yake atafanyaje? Jibu la mkataba ni kumsaidia, wala si kumwamulia. Msaidizi humfafanulia mambo kwa lugha anayoielewa, humpa muda, huandamana naye kwa daktari au benki, lakini kalamu hubaki mkononi mwa mwenyewe. Aidha, mtu akiwa na nafuu anaweza kueleza mapema angependa kutibiwa vipi, na nani amsemee akizidiwa.

Wapo wanaohofia kwamba ataamua vibaya. Lakini mtu mwenye afya akiuza ng'ombe kwa hasara, hakuna amwitaye punguani na kumpokonya zizi.

Sheria ya Afya ya Akili, iliyofanyiwa marekebisho mwaka wa 2022, inatambua haki ya mgonjwa kuelezwa kuhusu matibabu na kutoa idhini yake. Hata hivyo, mahakama ingali na uwezo wa kumteulia mtu msimamizi wa mali. Nayo Katiba, katika Kifungu cha 83, humnyima nafasi ya kusajiliwa kupiga kura yeyote aliyetangazwa kuwa hana akili timamu.

Kwa hivyo, safari ya kuoanisha sheria zetu na mkataba haijakamilika. Nyumbani, lakini, hakuna haja ya kungoja Bunge. Kabla ya shamba kuuzwa au fomu ya hospitali kutiwa sahihi, mwenyewe aulizwe, na jibu lake liheshimiwe.