UZI: Huyo kibarua wako wa miaka miwili si kibarua tena

Siasa zikichangamka huku Kwale, hili halikosi kuzuka. Mmoja anapanda jukwaani anasema vijana wetu wamefanywa vibarua wa milele kwenye mahoteli ya Diani. Mwingine anamjibu kwamba sheria za kazi ndizo zinaua biashara ndogo. Watu wanapiga makofi pande zote mbili, sheria yenyewe hakuna aliyeifungua. Haya, leo tuifungue kidogo.

Mimi niko Mwabungo, nina hoteli ndogo ya chakula, siyo ya kulala, na wafanyakazi wanne. Kwa hiyo naongea kama mwajiri. Mishahara hiyo natoa mimi, hata mwezi wa Mei mvua inapomwaga na mgeni haonekani hata kwa dawa.

Tuanze na neno lenyewe. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa siku, na ambaye hakuchukuliwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Yule aliyekuja Jumamosi kufyeka nyasi, jioni ukampa chake akaenda zake, huyo ni kibarua kweli. Lakini mpishi anayewasha jiko lako kila asubuhi tangu mwaka juzi? Hata kama unamlipa kila jioni, huyo ni mwajiriwa.

Kifungu cha 37 ndicho kinachofanya hivyo. Mtu akifanya kazi siku mfululizo zikafika mwezi, au akifanya kazi ambayo huwezi kutarajia iishe chini ya miezi mitatu, mkataba wake unahesabika kuwa wa mwezi kwa mwezi. Haingoji saini yako. Akipitisha miezi miwili anapata haki kama wengine: likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, ruhusa ya ugonjwa, mama miezi mitatu ya uzazi kwa mshahara kamili, baba wiki mbili, na notisi akiachishwa.

Sasa kuna hii imani kwamba "sikumwandikia kitu, kwa hivyo hana ushahidi." Jamani, ni kinyume kabisa! Kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, na wa kuuandika ni mwajiri. Kesi ikifika kortini na huna karatasi, ni wewe utakayebeba mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini. Yeye atasema, wewe utahangaika kupinga.

Kufukuza ndiko wengi wetu tunakochomekea. Askari amelala zamu, unamwambia chukua vitu vyako, imeisha. Haijaisha. Kifungu cha 41 kinataka umweleze kosa lake kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake aliyemchagua mwenyewe, uwasikilize wote wawili, ndipo uamue. Hata kama umemkuta na kuku wa hoteli ndani ya mkoba. Unaweza kuwa na sababu nzuri kabisa na bado ukashindwa kwa sababu ya utaratibu.

Hesabu yake ni hii. Mtu wa mshahara wa 18,000, fidia ya kuachishwa isivyo haki inaweza kufika miezi 12, yaani 216,000. Si lazima mahakama ifike huko, mara nyingi hutoa chini ya hapo. Juu yake kuna notisi na likizo ambazo hakuchukua. Na ana miaka mitatu ya kuleta dai. Kikao cha nusu saa na karatasi mbili za kumbukumbu zingekugharimu nini?

Halafu msimu. Mnakumbuka 2020, ndege za nje zilipofungwa mwezi wa Machi hadi Agosti mosi, pwani nzima watu walitumwa nyumbani kwa maneno tu: "nitakupigia simu." Hiyo si likizo bila malipo, likizo hiyo inahitaji makubaliano. Ukipunguza watu kwa sababu kazi haipo, sheria inataka notisi ya mwezi mmoja kwa mfanyakazi na kwa afisa wa kazi, na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia. Kama unajua unahitaji mtu msimu wa wageni tu, mwandikie mkataba wa muda maalum tangu mwanzo, wenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza.

Turudi kwa wanasiasa. Anayesema sheria inawabana wadogo hana uongo wote. Hoteli ya vyumba 300 ina ofisi nzima ya wafanyakazi, mimi nina daftari, na kifungu cha 41 ni kilekile. Lakini mkataba na kikao haviniui. Kinachouma ni pesa inayotoka kila mwezi: nyumba asilimia 1.5 kwake na 1.5 kwangu, NSSF yangu na yake, SHIF asilimia 2.75 ya kwake ambayo mimi ndiye wa kuiwasilisha. Hayo ni makato, yamo kwenye sheria nyingine kabisa. Kwa hivyo atakayesimama kusema "sheria za kazi zinaua biashara," muulizeni anataka kufuta ipi: makato, au haki ya mpishi kusikilizwa?

Maswali wekeni hapo chini, nitajibu nikishafunga jikoni.