Ngano Imeondoka, Tumbo Bado Linajaa Gesi

Mgonjwa wa siliaki anayeishi Mtwara ana nafuu kubwa kuliko aliyelelewa kwa chapati na mkate. Jiko la kusini linategemea muhogo, wali, mtama, ming'oko na samaki wa pwani ya Msimbati, na katika vyote hivyo hamna gluteni. Protini hiyo iko kwenye ngano, shayiri na rai. Mwenye siliaki akiila, kinga ya mwili wake hushambulia ukuta wa utumbo mwembamba. Akiiacha maisha yake yote, ukuta hupona taratibu. Willem Karel Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, alieleza katika tasnifu yake ya mwaka 1950 kwamba watoto wenye siliaki hupata nafuu ngano ikiondolewa.

Ninayemfikiria leo ni yule aliyeacha ngano kwa uaminifu, na bado tumbo linamjaa gesi na kumsokota, leo anaharisha, kesho hapati choo. Kwanza tutafute ngano iliyojificha. Samaki wa kukaanga wa barabarani huweza kuwa amepakwa unga wa ngano, au mafuta yake yalitangulia kukaanga maandazi. Baadhi ya unga wa lishe huchanganywa ngano. Bia nyingi hutengenezwa kwa shayiri.

Kama hayo yote yamechunguzwa, huenda kuna ugonjwa wa pili: utumbo nyeti. Huu hauharibu ukuta wa utumbo; hufanya neva zake zihisi maumivu makali kwa gesi ambayo mtu mwingine asingeisikia. Hapo vyakula tunavyojivunia huanza kutusumbua. Aliyeacha ngano hujaza pengo kwa korosho, mbaazi na kunde, na embe msimu wake ukifika. Korosho na mikunde zina sukari zinazoitwa galakto-oligosakaridi. Mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja, hivyo hufika utumbo mpana zikiwa nzima, bakteria wakazichachusha na kutoa gesi. Vitunguu maji na vitunguu saumu vina fruktani, nazo hufanya vivyo hivyo. Embe lina fruktosi nyingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, waliziweka sukari hizi katika kundi moja wakaliita FODMAP.

Ngano nayo ina fruktani. Kwa hiyo anayepata nafuu baada ya kuacha mkate huenda hana siliaki hata kidogo. Ndiyo maana nasisitiza: pima kabla ya kuacha. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili zinazopungua gluteni ikikosekana, na aliyekwisha kuiacha hulazimika kuila tena kila siku kwa takribani wiki 6 ndipo jibu liaminike.

Mwenye magonjwa yote mawili hahitaji kula chakula kisicho na ladha. Fruktani huyeyuka katika maji, haziyeyuki katika mafuta. Kaanga vipande vikubwa vya kitunguu, vitoe, kisha ndipo utie nyanya na tui. Harufu na ladha hubaki kwenye mafuta. Loweka mbaazi usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya, ule kiasi kidogo. Korosho ziache wiki 2 hadi 6, halafu zirudishe kwanza, peke yake, uone tumbo linasemaje, kabla ya kugusa chakula kingine ulichoacha.

Usizidishe muda huo. Aliyeondoa ngano na mikunde kwa pamoja huegemea muhogo mno, na muhogo hauna protini ya kutosha. Sianidi ya muhogo mchungu usioandaliwa vizuri huondolewa mwilini kwa msaada wa salfa itokayo kwenye protini. Ikikosekana, mtu huweza kupata konzo, ulemavu wa miguu ambao umewahi kuonekana Tanzania. Muhogo mchungu uloweke na kuukausha ipasavyo, na kwenye sahani awepo samaki au yai.

Ukiona damu kwenye choo, unakonda au umepungukiwa damu, usiulaumu utumbo nyeti. Nenda hospitali, na uombe choo kipimwe minyoo na kimelea kiitwacho jiadia, maana jiadia huweza kuiga siliaki kwa dalili nyingi.