Changarawe Ndiyo Inayouongoza Mto

Mto Waimakariri, katika Kisiwa cha Kusini cha New Zealand, hauna mkondo mmoja. Ukishatoka milimani na kuingia tambarare za Canterbury hujigawa katika mikondo mingi inayoachana, kukutana na kuachana tena kati ya mafungu ya mawe ya kijivu. Mahali pengine uwanja wake una upana wa kilomita 1 na zaidi, na siku za kawaida maji hujaza sehemu ndogo tu ya uwanja huo. Eneo lililobaki ni changarawe tupu inayongoja mafuriko.

Changarawe hiyo hutoka Milima ya Alpi ya Kusini, inayoendelea kuinuliwa na mabamba mawili ya ardhi yanayosukumana. Miamba yake imepasukapasuka, mvua ni nyingi, barafu hupanua nyufa, na maporomoko huuletea mto mawe mengi kuliko unavyoweza kuyamaliza.

Mashapo yote hayasafiri kwa namna moja. Tope huelea ndani ya maji na kufika baharini upesi, likiacha alama ndogo tu katika umbo la mto. Changarawe huviringika na kurukaruka sakafuni, na hufanya hivyo pale tu nguvu ya maji inapovuka kiwango fulani. Chini ya kiwango hicho hutulia kabisa. Tena mawe makubwa hubaki juu na kuyafunika madogo, kwa hiyo maji ya wastani hupita bila kung'oa chochote. Kazi kubwa hufanywa na mafuriko ya siku chache.

Umbo la mto huanzia pale maji yanapotanuka. Kina hupungua, nguvu nayo hushuka, na mawe makubwa ndiyo ya kwanza kukwama. Yakikwama huyazuia yanayofuata, na fungu huanza kukua katikati ya njia. Maji hulazimika kupita pembeni, kushoto na kulia, na huko hukuta kingo za changarawe isiyoshikamana, zisizo na udongo mfinyanzi wala mizizi ya kutosha. Kingo huporomoka, mkondo hupanuka, na mawe yaliyoanguka huwa mzigo mpya wa kujenga fungu jingine mbele. Mikondo miwili inapokutana hutokea kinyume chake: maji hukusanya nguvu, huchimba shimo refu, kisha huitema changarawe hiyo mbele kidogo, yanapotanuka tena. Ndiyo maana ramani ya mto wa namna hii huchakaa haraka. Mkondo mkuu wa mwaka huu unaweza kuwa mkavu baada ya mafuriko ya mara moja tu.

Wamarekani Luna Leopold na M. Gordon Wolman walieleza jinsi mafungu haya yanavyoanza katika utafiti waliouchapisha mwaka 1957. Katika mfereji wa maabara waliona fungu likizaliwa katikati ya maji kutokana na mawe machache tu yaliyoshindwa kusogea. Walionyesha pia kwamba, kwa kiasi kilekile cha maji, mto wenye mikondo iliyosukana huwa na mteremko mkali kuliko mto unaopinda kama nyoka.

Ushahidi mzito zaidi kwamba changarawe ndiyo inayouongoza mto, pengine, umetolewa na mito iliyonyimwa changarawe. Mto Piave wa Italia ulijengewa mabwawa na kuchimbwa kokoto katika karne ya 20. Ulipungua upana, ukazama chini, na miti ikaota juu ya mafungu yaliyokuwa yakihama. Jirani yake Tagliamento, ulioachiwa mzigo wake kwa kiasi kikubwa, bado una mikondo mingi.

Waimakariri una tatizo la upande wa pili. Ukikaribia bahari mteremko hupungua, na changarawe huishia kabla ya kufika pwani. Mto ungekuwa huru ungehamia upande mwingine, kama ulivyofanya zamani ulipokuwa ukizijenga tambarare zenyewe. Leo umebanwa kati ya matuta yanayoukinga mji wa Christchurch, na mawe hurundikana humo humo. Kwa hiyo changarawe huchimbwa na kuondolewa. Ikiondolewa kidogo mno, sakafu hupanda na matuta hupoteza uwezo wa kuzuia mafuriko. Ikizidi, sakafu hushuka na misingi ya madaraja hubaki wazi.