Kuchagua Hoteli ya Kifahari Paris

Nyota tano hazitoshi kumwongoza mtu anayetafuta hoteli ya kifahari mjini Paris, kwani hoteli zenye nyota hizo ni nyingi na hazilingani. Kwa sababu hiyo, mwaka 2010 Ufaransa ilianzisha cheo cha juu zaidi kiitwacho Palace. Hoteli huomba yenyewe, ikiwa tayari ina nyota tano. Hukaguliwa, kisha jopo hupima mambo yasiyohesabika kwa urahisi, kama uzuri wa jengo, historia yake na jinsi mgeni anavyohudumiwa. Cheo hudumu miaka 5, baada ya hapo huombwa upya.

Hata hivyo, cheo hicho si neno la mwisho. Orodha ya kwanza ilipotangazwa mwaka 2011, Ritz haikuwamo. Ni hoteli iliyofunguliwa mwaka 1898 na César Ritz, pamoja na mpishi Auguste Escoffier, kwenye uwanja wa Vendôme, na jina lake lilikwishageuka kuwa kielelezo cha anasa duniani. Mbunifu wa mitindo Coco Chanel aliishi humo miaka mingi hadi alipofariki mwaka 1971.

Heri kuanza na mtaa. Sehemu kubwa ya hoteli hizi imekusanyika ukingo wa kulia wa mto Seine. Le Meurice inatazamana na bustani ya Tuileries, na jumba la makumbusho la Louvre liko umbali wa kutembea kwa miguu. Ndani ya Le Meurice ndimo Jenerali von Choltitz, kamanda wa Wajerumani mjini Paris, alimokamatwa Agosti 1944. Crillon iko uwanja wa Concorde, katika jengo la karne ya 18 lililojengwa kwa amri ya Mfalme Louis XV. Mrithi wake, Louis XVI, alikatwa kichwa katika uwanja huohuo mwaka 1793. Plaza Athénée iko Avenue Montaigne, mtaa wa maduka ya mitindo ya bei kali, na Le Bristol iko karibu na Ikulu ya Élysée. Anayetaka Mnara wa Eiffel dirishani aangalie Shangri-La, iliyokuwa makazi ya Roland Bonaparte, ndugu wa ukoo wa Napoleon.

Ukingo wa kushoto ni habari nyingine. Huko ipo Lutetia, iliyofunguliwa mwaka 1910 na wenye duka la Bon Marché ili wateja wao kutoka mikoani wapate pa kulala. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ilikaliwa na idara ya ujasusi ya jeshi la Ujerumani. Mwaka 1945 ikawa kituo cha kuwapokea walionusurika kambi za mateso, huku jamaa zao wakibandika picha wakiwatafuta. Mpenzi wa mikahawa, maduka ya vitabu na mitaa ya Saint-Germain ataridhika hapa kuliko upande wa pili, na huenda akalipa kidogo kuliko huko.

Baada ya mtaa huja chumba, na hapa wengi hukosea. Mgeni halali kwenye jina la hoteli. Chumba cha bei ya chini katika hoteli mashuhuri kinaweza kuwa kidogo na kukosa mandhari, ilhali pesa hizohizo zingepata chumba kipana katika hoteli isiyovuma sana. Dirisha la uani si hasara wakati wote: Le Bristol ina bustani ya ndani, na usingizi upande huo ni mtulivu kuliko upande wa barabara. Tarehe ya ukarabati nayo ina uzito. Ritz ilifungwa mwaka 2012 hadi 2016, Crillon 2013 hadi 2017, na Lutetia 2014 hadi 2018. Kazi za namna hiyo hugusa mabomba, umeme na bafu, si mapazia tu.

Bei ya usiku mmoja katika hoteli zenye cheo cha Palace mara nyingi huzidi euro 1,000. Kifungua kinywa huweza kutozwa kando, na kodi ya watalii huongezwa kwa kila mtu kwa kila usiku. Mgahawani, malipo ya huduma yamo tayari kwenye bei, hivyo bakshishi ni hiari. Wiki za maonyesho ya mitindo, hasa Machi na mwishoni mwa Septemba, vyumba hujaa na bei hupaa. Asiyetaka kulipia usiku mzima anaweza kuhifadhi meza ya chai ya alasiri au chakula cha mchana, na kuionja hoteli kwa saa chache.