UZI: Kijana anayejifunza kazi kwa gereji ni mwanafunzi ama ni mfanyakazi?

Kila mkutano wa siasa hapa Kakamega lazima mtu ashike maiki aseme vijana wafundishwe kazi za mikono. Makofi. Halafu hakuna anayeuliza swali la pili: huyo anayewafundisha anapata nini, na anadaiwa nini?

Si kila mtu hufika Sigalagala. Wengi wanapelekwa na mzazi kwa fundi wa magari, wa kuchomelea ama wa cherehani, na mapatano ni ya mdomo. Mara nyingi mzazi ndiye analipa. Kijana anaanza kwa kuosha vyuma na kutumwa spea.

Fundi anapata mikono ya bei rahisi, hilo tusifichane. Lakini mimi sikubali kwamba mafundi wote ni wanyonyaji. Mwanagenzi akivunja bolti ndani ya injini ya mteja, anayejieleza ni fundi. Faida yenyewe inakuja baadaye, akishakuwa na mtu anayeweza kumwachia kazi aende mazishi Butere na arudi akute gari imetengenezwa.

Sasa sheria. Sheria ya Ajira ya 2007 ikieleza mfanyakazi ni nani, inamtaja mwanagenzi humo ndani. Sheria ya fidia ya majeraha kazini, ya 2007 pia, inafanya vivyo hivyo. Kwa hivyo tuseme jeki imeteleza pale Lurambi na kijana amepoteza vidole. "Alikuwa anajifunza tu" si jibu. Mwajiri anatakiwa awe na bima, na asipokuwa nayo deni la fidia halipotei. Ni gereji ngapi unazojua zenye hiyo bima? Hapo ndipo mimi hukosa usingizi.

Mkataba wa uanagenzi pia unatakiwa uwe wa maandishi na usajiliwe na NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani.

Na serikali inampa mwajiri nini? Kuna tozo ya mafunzo, sh50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Mwenye watu 20 analipa sh12,000 kwa mwaka, na akifundisha kwa utaratibu wa NITA anaweza kudai arudishiwe gharama. Kuna pia nafuu ya kodi ya mapato, iliyoletwa 2015, kwa mwajiri anayechukua wahitimu wasiopungua 10 kama wanagenzi, kwa miezi 6 hadi 12.

Wahitimu 10! Gereji gani ya mabati ina nafasi ya watu kumi? Hiyo nafuu ilishonewa kampuni kubwa. Fundi anayefundisha kijana wa darasa la nane amebaki na wajibu wote bila hata senti.

Kwa hivyo mgombea akija, mbane kwa jambo lake. Katiba ya 2010 iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini chini ya kaunti, kwa hivyo wa ugavana aulizwe hivyo. Nafuu ya kodi, bima na NITA ni mambo ya kitaifa, hayo peleka kwa anayetaka ubunge.

Na kama una ndugu aliye kwa fundi sasa hivi: mtihani wa ufundi wa NITA una gredi III, II na I, na aliyejifunzia kazini anaweza kuufanya. Mwambie aanze na III.