Kulainisha Mwanga wa Kupigia Picha

Tazama kivuli chako wakati wa jua kali. Ukingo wake huonekana wazi kana kwamba umechorwa kwa wino. Kitazame tena siku ya mawingu mazito. Mwanga upo wa kutosha kusomea kitabu, lakini kivuli hukioni, au unakiona kwa shida. Watu wengi husema kwamba kivuli kimepotea kwa sababu mwanga umepungua. Jibu hilo si sahihi. Kurunzi ndogo usiku ina mwanga mchache kuliko anga la mawingu, na bado hufanya kivuli kikali ukutani. Sababu ni nyingine, na kila mpiga picha hodari huijua.

Fanya jaribio lifuatalo. Utahitaji chumba chenye giza, ukuta mweupe, kikombe, karatasi nyeupe ya daftari na kurunzi yenye taa ndogo. Taa iliyo nyuma ya simu pia yafaa. Usitumie kibatari wala mshumaa, kwa sababu karatasi yaweza kushika moto.

Weka kikombe juu ya meza, sm 10 kutoka ukutani. Washa kurunzi ikiwa umbali wa mita 1 kutoka ukutani. Kivuli cha kikombe kina ukingo mkali. Sasa mwambie mwenzako asimamishe karatasi kati ya kurunzi na kikombe, sm 30 kutoka kwenye kikombe, na wewe uisogeze kurunzi nyuma ya karatasi mpaka karatasi nzima iangazwe. Tazama kivuli. Katikati kuna sehemu ndogo yenye giza, nayo ni kivuli kizito. Kuizunguka kuna sehemu pana inayofifia kidogo kidogo, nayo ni kivuli chepesi. Mwisho, ondoa karatasi hiyo, kata kipande kidogo chake, ukibandike kwenye kioo cha kurunzi, kisha uirudishe kurunzi mahali pake pa kwanza. Mwanga umepungua, lakini ukingo wa kivuli umerudia ukali wake wa mwanzo au karibu nao!

Karatasi ni ileile na kurunzi ni ileile. Kilichobadilika ni ukubwa wa kitu kinachotoa mwanga. Karatasi pana ilipoangazwa yote iligeuka kuwa taa pana. Miale ilitoka kulia, kushoto, juu na chini ya karatasi, na mahali palipofichwa na kikombe upande mmoja palipata mwanga wa upande mwingine. Kipande kilichobandikwa kwenye kurunzi kilibaki taa ndogo.

Jua nalo ni hivyo hivyo. Upana wake ni km 1,390,000 hivi, lakini liko mbali nasi kiasi cha km 150,000,000. Kwa hiyo huonekana dogo kama punje ya mahindi yenye upana wa sm 1 iliyo mbele yako kwa umbali wa mita 1 na zaidi kidogo. (Usilitazame jua lenyewe ili kuhakikisha; litadhuru macho yako.) Mawingu yakitanda, anga zima huwa taa moja kubwa.

Sasa tuifikirie kamera. Mahali penye giza mpiga picha hutumia taa inayowaka mara moja na kuzimika, iitwayo flashi. Mwaka 1887 huko Ujerumani, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke walitengeneza unga wa magnesi uliotoa mwanga mkali sana ulipowashwa, pamoja na moshi mwingi na hatari ya kuungua. Flashi nyingi za kamera za leo hutumia umeme na gesi iitwayo zenoni, na huweza kuwaka kwa muda usiozidi sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kioo chake huwa na upana wa sentimita chache tu. Ndiyo sababu kivuli cheusi cha kichwa huonekana ukutani nyuma ya mtu, na picha ya pasipoti yenye kivuli cha namna hiyo huweza kukataliwa.

Uso wenyewe pia huharibika pichani. Ngozi yenye jasho au mafuta huakisi taa kama kioo, na paji la uso hupata doa jeupe. Katika ngozi nyeusi doa hilo huonekana zaidi, kwa kuwa sehemu zinazolizunguka zina rangi nzito. Mpiga picha mvivu humwambia mtu ajipake poda. Afadhali angeishughulikia taa yake, maana taa ikiwa pana mng'ao huenea usoni na kufifia.

Kifaa cha kutawanya mwanga huweza kuwa mwavuli mweupe, kitambaa cheupe kilichotandazwa kwenye fremu, au kifuniko cha plastiki nyeupe. Karatasi hutawanya mwanga kwa kuwa imejaa nyuzi ndogo sana zenye hewa katikati yake, na miale hupindishwa na kuakisiwa kila inapotoka kwenye hewa na kuingia katika uzi. Mafuta yakiijaza nafasi hiyo ya hewa, miale mingi hupita moja kwa moja. Hilo umeliona katika karatasi iliyofungiwa maandazi.

Kifuniko kidogo kinachovalishwa juu ya flashi hudanganya wengi. Kikitumiwa uwanjani usiku, hufanya kazi ya kile kipande ulichokibandika kwenye kurunzi: hupunguza mwanga tu. Ndani ya chumba cheupe husaidia, kwa sababu hutupa mwanga kwenye dari na kuta, nazo huurudisha kwa mtu kutoka pande nyingi. Kuta za kijani zitaurudisha ukiwa na ukijani, na paa la nyasi lililojaa masizi litausharabu karibu wote.

Hata kitambaa kipana hakifai kikiwa mbali. Kitambaa cha mita 1 kilicho karibu na uso ni taa kubwa. Kikiwekwa mita 10 kutoka hapo, ni taa ndogo. Tena kila kitambaa hula sehemu ya mwanga, kwa hiyo mpiga picha hana budi kuikaza flashi au kuufungua zaidi mlango wa lenzi.

Mkipata kamera au simu, mpigeni mwenzenu picha tatu saa nne asubuhi. Ya kwanza awe juani. Ya pili wawili washike shuka jeupe kati yake na jua, karibu na kichwa chake bila kuonekana pichani. Ya tatu asogee nyuma ya mti, kwenye kivuli cha shina. Linganisheni kivuli cha pua katika kila picha, kisha mwandike katika madaftari yenu ni kitu gani kilichokuwa taa yake katika ile ya tatu.